Rangi ya Shingo ya Cheche

Niliitwa kazini kuchanganya rangi ya ngozi ya mtoto wa kaka yangu ili nimpake mwanamke mwingine. Nasema hivyo mapema, usije ukaniuliza huko mbele kwa nini nafoka. Nafoka kwa sababu hiyo.

Kazi yangu ni kupaka watu nyuso. Kuna gazeti la mitindo, lile la karatasi za kuteleza linalokaa kwenye saluni na kwenye vyumba vya kumngojea daktari wa meno; nyuso zake nyingi zimepita chini ya brashi yangu. Miaka yote hiyo sikuwahi kumpaka mtu wa kwetu kwa ajili ya jalada. Sisi watu wa bondeni gazeti hilo linatujua sana, usidhani halitujui. Fungua kurasa za matangazo utatukuta: mmoja kashika ufagio, mwingine kabeba masanduku ya bibi mwenye kofia pana, tena wote tunatabasamu. Jaladani, ng'o. "Sura zenu zina uzito," Mhariri aliwahi kuniambia, mkono wake begani kwangu kana kwamba ananisifia. Nikameza. Mtu akiwa kazini humeza mengi.

Huyo Mhariri ni mwanamke wa sauti laini, na ulaini wake ndio ubaya wake. Mtu akikutukana kwa kelele unajua pa kuanzia. Yeye anakutukana huku anakuuliza kama umeshakunywa chai.

Basi siku moja akaniita ofisini kwake. "Shangazi," akasema, maana pale kazini wote wananiita Shangazi, hata tuliolingana umri, "tunaandaa toleo la Mwanamke Halisi. Jaladani namtaka mwanamke wa bondeni anayefanya kazi ya kiume. Wa kweli, siyo wa kuigiza. Unamjua yeyote?"

Nilimjua. Moyo ulinidunda mpaka nikajionea haya.

Binti wa kaka yangu kila mtu anamwita Cheche. Nadhani hata mama yake keshasahau alimpa jina gani. Anachomelea vyuma. Ana mabega mapana, shingo ndefu nyeusi tii, mikono iliyojaa alama za kuungua, na mdomo usiojua kupumzika. Amekulia ndani ya karakana ya baba yake, kule nyuma ya maghala, ambako kutwa ni kelele za vyuma na vumbi la kutu. Mageti mengi unayoyasifia ukipita mitaani, yale yenye maua ya chuma juu, ni mkono wake, tena mkono wa kushoto. Sifa anapewa kaka.

Kaka naye ni mtu wa maneno machache, na yote makali. Pale karakana ana sheria zake. Ya kwanza: mteja akisikika anakuja, Cheche avue barakoa ya kuchomelea, ashike brashi ya rangi. "Mteja akimwona mwanamke kachomelea geti lake," kaka anasema, "kesho atarudi kuniambia limepinda, hata kama limenyooka kuliko yeye." Kwa hiyo wateja wote walimjua Cheche kama mpaka rangi. Ya pili ilitoka siku mteja mmoja alipomwambia Cheche, "Wewe msichana, usinishikie geti langu." Cheche akafungua mdomo, kaka akamkata hapohapo: "Hapa anayefukuza mteja ni mwenye karakana peke yake." Kisha akaokota bomba la chuma, akamfukuza yule mteja mwenyewe, mpaka barabarani.

Sasa magoti ya kaka yamechoka, na ufunguo wa karakana, ambao huuvaa shingoni kwa kamba hata akioga, ilibidi uende kwa mtu. Alitaka umwendee mdogo wake Cheche wa kiume, kijana ambaye akishika nyundo huangalia kwanza kama kucha zake ziko salama. Cheche akauliza, "Na mimi je?" Tulikuwa wote pale nyumbani kwa kaka, sahani bado ziko mikononi. Kaka akasema: "Siku mteja akiingia mlangoni akamuulizia Cheche, siyo mimi, siku hiyo nitauvua ufunguo huu. Kabla ya hapo aendelee kupaka rangi."

Mteja atamuulizia vipi mtu ambaye hajui kama yupo? 

Ndiyo maana nilipompelekea Cheche habari za jalada, alinirukia na masizi yake yote, gauni langu jeupe likaisha kazi siku ile. "Shangazi!" akapiga kelele. "Mteja wangu anakuja!"

Siku ya kupiga picha alifika studio na ovaroli yake imefuliwa na kupigwa pasi. Nani anapiga pasi ovaroli? Barakoa aliibana kwapani kama mkoba wa sherehe. Mpiga picha akamsimamisha mbele ya taa. Akampiga akiwa huku, akampiga akiwa kule, akasogeza taa, akampiga tena. Cheche mara atabasamu, mara anune kama askari, mara aweke mkono kiunoni. Mimi nilikaa pembeni na poda yangu nikingoja kuitwa, kichwa kimenivimba kwa fahari.

Mlango ukafunguka, akaingia mwanamitindo. Ungemwona ungemjua, yule wa tangazo la manukato: maji ya kunde, pua nyembamba, kiuno cha nyigu. Mhariri aliyekuwa nyuma yake akapiga makofi.

"Vizuri, taa zimekaa. Cheche, asante mpenzi, kaa pale kwenye kile kiti."

Nilidhani anapumzishwa. Mhariri akanigeukia. "Shangazi, mchanganyie huyu rangi kama ile." Akanyoosha kidole kwenye shingo ya Cheche. "Ya shingoni hasa, ndiyo nzuri. Nimemweka karibu ili upate kulinganisha."

Maneno niliyasikia, nikayakataa. "Na picha alizopigwa sasa hivi?"

"Zipi? Zile za kupimia taa?"

"Ulisema mwanamke wa bondeni. Ulisema wa kweli."

"Ni wa kweli, na tunamshukuru sana." Alikuwa anatabasamu, nakuapia. "Lakini jalada ni biashara, Shangazi. Kwa mabega yale wasomaji watadhani ni mwanamume. Na sura, haya, wewe ni mtaalamu, usinilazimishe kusema. Sisi tunamheshimu mwanamke wa bondeni. Ndiyo maana tunampa sura ambayo watu watapenda kuitazama."

Damu ilinipanda kichwani mpaka nikaona ukungu. Nikaanza kutupa brashi zangu mkobani. "Cheche, inuka, twende zetu. Hawa wametuona mabwege."

Cheche hakuinuka. Alikuwa amekaza macho kwa Mhariri. "Humo ndani ya gazeti mtaandika karakana yetu? Jina lake na mahali ilipo?"

"Bila shaka, mpenzi. Nakuahidi."

"Basi Shangazi, paka."

"Nipake nini? Una wazimu?"

"Paka. Mimi sikuja kutafuta uso, uso ninao. Nimekuja kutafuta mteja."

Sasa mwambie nini mtu kama huyo? Ufunguo ulikuwa wake kuutafuta, siyo wangu. Nikazitoa brashi tena.

Nimewapaka maharusi, nimewapaka watangazaji, nimempaka hata maiti mmoja watoto wake waliponiomba. Sijawahi kuchukia kazi kama nilivyoichukia ile. Nilichanganya rangi kwenye kibati, nikatia kidogo nyekundu, nikatia bluu kiduchu kwa sababu weusi wa kwetu una bluu ndani yake, nikamwambia Cheche ainamishe shingo, nikapaka tone pale chini ya sikio kuona kama litapotea. Likapotea. Ilikuwa rangi yake barabara. Shingo ile niliiosha mwenyewe alipokuwa mchanga, na leo naichovya kwenye brashi kumpelekea mtu baki. Wahenga walisema mshikwa na ngozi ndiye mwizi, na pale studio mwenye ngozi mkononi nilikuwa mimi.

Mwanamitindo akajitazama kwenye kioo, akashika shavu. "Itatoka lakini? Jioni nina miadi."

"Ya mwenyewe haijatoka tangu azaliwe," nikamwambia, "na miadi anakwenda."

Cheche akaangua kicheko. Mwenzake hakucheka, na Mhariri akakohoa kidogo.

"Na zile alama za mikononi, Shangazi. Mchoree. Ila ziwe za kupendeza."

"Alama za kuungua za kupendeza."

"Mbili tatu tu. Penye mwanga."

Nikamwambia Cheche anyooshe mkono niige. Akanyoosha, akawa ananitajia moja moja: "Hii ya geti la mwalimu, hii ya ngazi za ghala la mbele, hii ya siku baba aliponikemea nikashtuka." Nikazichora kwenye ule mkono mwingine, mdogo kama wa mtoto. Ile ya kukemewa sikuichora. Hiyo niliona ni ya familia.

Wakachukua na ovaroli. Walisema ile ndiyo halisi, mpya ingeonekana ya dukani. Cheche akavuliwa, akabaki na fulana na kaptura amejifunika taulo langu. Ovaroli ikampwaya mwanamitindo, wakaikusanya nyuma kwa vibanio kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Kwa mbele ulikuwa unaona umbo, kwa nyuma unaona kamba ya kuanikia nguo. Mabega hayakujaa, wakayajaza sponji. Nikamuuliza Mhariri kama si yeye aliyesema mabega mapana ni ya kiume. Akanijibu kwamba haya ni mabega ya mtindo.

Kisha wakataka moto. Mhariri alisema siyo moto wa kuchorwa kwenye kompyuta, wasomaji siku hizi wanajua. Mashine ya kuchomelea ilikuwa imeletwa, na kipande cha geti juu ya meza ya chuma. Mwanamitindo akafunikwa barakoa, akapewa kijiti cha kuchomelea, akakigusisha kwenye chuma. Kikanata. Akakivuta, kikagoma, kikaanza kuwa chekundu chote, akapiga yowe na kuachia kila kitu. Wakamtuliza kwa maji. Akajaribu tena, yowe likawa lilelile.

"Humu ndani anayejua ni mmoja tu," mpiga picha akasema bila kumtazama mtu.

Mhariri akafikiri kidogo. "Barakoa ikishuka uso hauonekani, eti? Basi hakuna shida."

Hakuna shida! Wakamvua yule, wakamvika Cheche ovaroli yake mwenyewe, sasa vibanio havikuhitajika wala sponji. Cheche akaweka goti juu ya chuma, akashika kijiti kwa mkono wa kushoto, akatikisa kichwa, barakoa ikashuka yenyewe. Moto ukawaka. Studio nzima ikageuka buluu na nyeupe, moto ukamtoka kila upande kama mvua, na yeye katikati ametulia anashona chuma. Nilisahau hasira kwa muda. 

"Hii," mpiga picha akasema. "Jalada ni hii."

Baada ya hapo ovaroli na barakoa zikarudi kwa mwanamitindo kwa picha za ndani, zile za kuipandisha barakoa juu ya paji la uso na kuangalia mbali. Chini ya taa zile za joto rangi yangu ikaanza kuyeyuka, na barakoa ilipovuliwa, ndani yake palikuwa na duara nene jeusi. Cheche aliipokea akaitazama.

"Shangazi, ona. Wamenirudishia rangi yangu."

Tulicheka mpaka machozi, lakini isikudanganye, hatukuwa na furaha.

Gazeti likatoka. Jaladani alikuwa Cheche, goti lake, mkono wake wa kushoto, moto wake, na juu yake kwa herufi kubwa: MWANAMKE HALISI. Chini kwa herufi ndogo: "Jaladani," kisha jina la yule mwanamitindo. Ndani, kurasa na kurasa za mwanamitindo mwenye shingo ya Cheche. Ameandikwa kwamba alithubutu kuingia katika ulimwengu wa wanawake wa bondeni, kwamba aliungua, kwamba alijifunza kwamba uzuri una nguvu. Nikasoma mpaka mwisho nikitafuta. Kwenye ukurasa wa nyuma kabisa, chini ya majina ya wenye viatu na wenye hereni, nikaupata mstari wetu: shukrani kwa karakana ya fulani, barabara fulani, kwa kutuazima vifaa. Fulani mwenyewe ni kaka. Vifaa ndio sisi.

Nikampigia Mhariri simu. Akanisikiliza, akangoja nipumue, kisha akasema kwa ile sauti yake, "Lakini Shangazi, jina la karakana si limetoka? Na mahali ilipo?" Nilimjibu maneno ambayo sitayarudia hapa, nina wajukuu. Kazi yake nikaiacha siku hiyohiyo.

Cheche nilimpelekea gazeti mwenyewe. Akalifungua, akalifunga, akaliweka sakafuni akatua juu yake kopo la rangi ili lisichafue simenti.  Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akikuna goti.

Siku chache baadaye nilikuwa palepale karakana, nimeleta chakula, tukasikia mlango wa gari. Kaka akainua kidole. Cheche akavua barakoa, akashika brashi ya rangi, kama sheria inavyosema. Akaingia bwana mmoja wa tumbo, miwani ya jua kaipandisha kichwani, gazeti kalikunja kwapani.

"Mzee, hapa ndipo?"

"Hapa ndipo wapi?" kaka akamuuliza.

"Kwa yule dada mchomeleaji. Nimemfuata yeye. Na nisipewe fundi mwingine, namtaka yeye mwenyewe."

Brashi ya Cheche ikasimama hewani. Mimi nilishika sufuria nisiidondoshe. Mkono wa kaka ulikwenda shingoni, kwenye kamba.

"Dada yupi?"

Yule bwana akalikunjua gazeti. Kaka akalichukua, akalisogeza mbali na macho, akalitazama jalada muda mrefu. "Goti," akasema mwishowe. "Mara ngapi nimemkataza kuweka goti juu ya chuma." Akalirudisha, akaelekeza kidevu. "Ndiye yule pale."

Mteja akatazama, akacheka. "Mzee, usinitanie bwana. Yule si mvulana wako wa rangi?" Akasogea. "Aa, kumbe msichana. Samahani dada." Akafungua kurasa za ndani. "Namtaka huyu hapa."

"Huyo kapakwa," Cheche akasema. "Aliyechomelea ni mimi."

Bwana akamtazama yeye, akaitazama picha, akamtazama tena, akakuna kichwa. "Rangi mnafanana," akakiri. "Tena sana. Lakini sura, hapana."

Nilitaka kumwambia rangi hiyo naijua ilikotoka. Cheche akanitangulia.

Cheche akaweka brashi chini. Akachukua barakoa kutoka kwenye msumari, akaivaa, akaishusha, akaweka goti juu ya geti lililokuwa pale na kunyoosha mkono wa kushoto. Yule bwana akaishika picha mbele yake, akafumba jicho moja, akalinganisha kama nilivyolinganisha mimi kule studio.

"Lo!" akapiga kelele. "Ndiye! Wallahi ndiye! Sasa sikiliza dada. Nina geti la milango miwili, la nyumba mpya. Ulitengeneze wewe. Siku ya kulifunga nitaita wageni, tupige picha mbele yake. Lakini uje hivyohivyo ulivyo. Usiivue. Ukiivua utaniharibia shughuli."

Kaka akasimama. Kusimama kwake siku hizi ni kazi nzito. Akaipitisha kamba juu ya kichwa, na ufunguo ukawa mkononi mwake. Sijawahi kuuona nje ya shingo ile.

"Mteja kaingia, kamuulizia," kaka akasema. "Mimi neno langu ni moja. Cheche, mjibu mtu."

Nitasema ukweli wangu: nilitaka aseme ndiyo. Sema ndiyo, mwanangu, nilikuwa nikiomba, chukua ufunguo, habari za uso tutazitafuta tukishakuwa na mlango. Studio alikuwa amekubali makubwa kuliko hayo, tena mwenyewe akinihimiza. Na sasa kitu alichokihangaikia kilikuwa hatua mbili mbele yake, kinaning'inia kwenye kamba chafu.

Cheche akaipandisha barakoa. Joto lilikuwa kali, na ule mduara wa rangi yangu uliobaki ndani ulikuwa umemwambata usoni pande zote, paji hadi kidevu. Rangi yake juu ya rangi yake. Hungeiona, ila pale ilipopita ngozi haikung'aa.

"Geti nitakutengenezea," akasema. "Na picha tutapiga. Kwa uso huu."

"Dada, mimi sina ubaya. Lakini wageni wangu wamemwona yule kwenye gazeti..."

"Basi mfuate yule akuchomelee."

"Hee! Hivi unajua unaongea na nani? Ndiyo maana watu wanasema, watu wa bondeni ukiwainua kidogo tu..."

Hakumaliza. Cheche alikuwa ameokota bomba. Lilelile la baba yake. Yule bwana akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akajikwaa kwenye kopo la rangi, rangi ikamwagikia viatu vyake na lile gazeti la sakafuni. Tulimsikia akitukana njia nzima hadi kwenye gari, sisi na mama zetu na bonde letu lote.

 Kaka hakuwa amesogea. Uso wake ulikuwa umekunjamana, nikajua balaa limeshuka. Nikasimama katikati yao na sufuria yangu kama ngao.

"Toka hapo," kaka akaniambia. Nikatoka. "Wewe. Nilikwambia hapa anayefukuza mteja ni nani?"

"Mwenye karakana," Cheche akajibu.

"Sasa umefukuza."

"Nimefukuza."

Na akanyoosha mkono wake wa kushoto, kiganja juu, masizi tupu. Hakuomba. Aliunyoosha kama mtu anayedai koleo alilomwazima mwenzake.

Kaka akautazama ule mkono. Nilidhani ataupiga, na kweli aliupiga: aliubamiza ufunguo kwenye kiganja kwa nguvu hata Cheche akauma meno. "Milango miwili, mpumbavu wewe," akasema. "Geti la milango miwili umelitupa. Na hilo goti litakuja kuungua, utanikumbuka." Kisha akakaa kwenye kigoda, akageukia ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika. Kama alikuwa analia au anacheka, sikwenda kuchungulia. Cheche akaivaa kamba shingoni, ufunguo ukalala pale chini ya sikio nilipopaka lile tone.

Tulikuwa hata hatujaanza kuosha rangi sakafuni simu yangu ikalia. Alikuwa Mhariri.

"Shangazi, habari za siku? Najua tulipishana maneno, lakini mimi kinyongo sina. Jalada limependwa mno! Tunaandaa toleo lingine, na wenye manukato wameniomba kitu kimoja. Ile rangi uliyoichanganya, ile ya shingo, bado unayo?"

Nikamtazama Cheche. Alikuwa amepiga magoti anasugua simenti kwa lile gazeti.

"Ipo," nikamwambia Mhariri. "Ngoja nikupe mwenyewe."

Nikamwambia Cheche ni nani na anataka nini. Akajifuta mkono kwenye ovaroli, akaipokea simu, akaisikiliza kidogo. Sauti laini ilikuwa inasikika mpaka niliposimama, mpenzi huku, mpenzi kule.  Cheche akailaza simu juu ya meza ya chuma, taratibu, uso wake juu. Akashusha barakoa. Akachukua ile mashine ya kusagia vyuma, ambayo majirani wameishitaki mara nyingi kwa kelele zake, akaiwasha, akaibana kwenye bomba karibu kabisa na simu. Mimi na kaka tuliziba masikio. Yeye aliendelea kusaga mpaka bomba likang'aa, na alipoizima, upande wa pili wa simu Mhariri alikuwa bado anasema haloo.